Bastola ya Kutia Mkobani

Mjukuu wangu alipopata kazi, aliyelia nyumba nzima ni mimi, na si kwa furaha. Kazi yenyewe ni ya kuangalia kasa. Mtoto kasomeshwa mpaka chuo kikuu, kavaa joho, kapigwa picha, picha tumeitundika ukumbini hapa Ibra, Omani, kila mgeni aione, halafu anakwenda zake Ras al Hadd kuwachukua watalii na kuwapeleka ufukweni gizani, wakatazame kasa anavyotaga.

Nikamuuliza, "Na huyo kasa kaomba kutazamwa?"

Akasema, "Bibi, ni kazi nzuri. Wanatoa na pa kukaa."

Hapo pa kukaa ndipo paliponitoa roho. Mtoto huyu nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alifariki naye hajaota jino, na baba yake akaoa akahamia Maskati. Hajapata kulala nyumba nisiyokuwamo; hata chuo alikwenda na kurudi. Sasa akalale chumba cha peke yake, mwisho wa nchi, na kazi yake iwe gizani na watu wasiojulikana walikotoka.

Msinambie kwamba hizi ni khofu za kizee. Nilikuwa mtoto Unguja mwaka wa sitini na nne. Mlango wetu ulikuwa wa mti mzito, una njumu za shaba, kila mpita njia akiusifu. Ulivunjwa kama biskuti. Nyuma yake alikuwa kasimama baba, na mkononi ana bakora. Sitosema zaidi. Tangu siku ile mlango siuamini. Namwamini mtu mwenye kitu mkononi.

Basi nikatoa kauli moja: hendi Ras al Hadd mpaka awe na bastola ndogo, ya kutia mkobani, asiijue mtu. Akiwa hana, wamtafute mwengine wa kukesha na kasa wao. Siku ile ilikuwa Alkhamisi, na kazini alitakiwa Jumapili asubuhi.

"Bibi, kule hata tochi haturuhusiwi kuwasha. Kasa wanaogopa. Bastola nitaifanya nini?"

"Utampiga mwizi."

"Gizani? Nikimpiga kasa?"

"Kasa ana gamba."

Akaniangalia, akatoka, akaenda kujifungia chumbani. Nilimsikia analia, lakini sikubadilisha neno. Mimi si mtu wa kubadilisha neno.

Nina mdogo wangu mwanamume, mstaafu, mnene, hajapata kupandisha sauti yake hata kwa paka. Nilipomwambia ninachotafuta, hakushangaa. Alisema silaha huuzwa Nizwa, siku ya Ijumaa, pale pale penye mnada wa mbuzi, na kwa kuwa kesho ni Ijumaa atatupeleka kwa gari yake. Nilijua anaifuata halua ya Nizwa, lakini gari ni yake.

Tulifika asubuhi mapema. Wazee wamejipanga kivulini, kila mmoja kaegemea bunduki yake kama mtu anavyoegemea mkongojo. Bunduki za zamani, ndefu, zimefungwa mikanda ya fedha. Mjukuu wangu kavaa abaya yake nyeusi, mkoba begani, anatembea nyuma yangu kama anayepelekwa kung'olewa jino.

Nikamchagua mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyekaa juu ya mkeka. Sasa pale huwezi kuuliza bei hata ya sindano kabla hujaulizwa khabari. Alituuliza khabari za Ibra, za mvua, za maji ya mfalaji, za mitende, za afya, na kila moja mdogo wangu akamjibu kuwa hakuna jipya ila kheri. Kisha ikaja kahawa. Kisha tende. Jua likapanda. Kiarabu changu mimi ni cha jikoni, lakini yule mzee nilimuelewa vyema.

"Mnataka ya kuchezea harusini?" akauliza.

"Nataka ya kuficha," nikasema.

Mkono wake ulikuwa kwenye ndevu, ukasita. "Ya kuficha? Mama, anayeficha silaha huwa kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ni msichana, anakwenda kufanya kazi mbali."

Akawaita wenzake. Wakatuzunguka wazee chungu nzima, wakalijadili. Mmoja akajigonga tumboni, penye jambia lake, akasema sisi silaha huvaliwa hapa mbele, katikati, ili anayekuja aione toka mbali na asalimie kwa heshima. "Silaha ni kama ndevu," akasema. "Zikifichwa zina faida gani?" Wote wakashika ndevu zao, wakamkubali.

Hata hivyo hawakutaka turudi mikono mitupu, maana wao watu wa adabu. Mwenye mkeka akachukua bunduki akaisimamisha ubavuni mwa mjukuu wangu, kama fundi anavyopima kanzu. Ilimpita kichwa.

"Labda chini ya abaya," akasema mmoja.

Mjukuu wangu akasema, "Bibi, wallahi mimi sijaribu."

Basi nikajaribu mimi. Nikaenda nyuma ya ukuta, nikaitia ndani ya abaya yangu, kitako chake nikakibana kwa goti, nikatoka. Mtutu ulinitokea penye kola, nikawa kama mtu mwenye shingo mbili. Kugeuka siwezi, kuinama siwezi, na mguu mmoja hauendi. Mwanamke mmoja muuza tende, uso umefunikwa kwa barakoa, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Mashaallah, umerefuka."

Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, na garini atakaaje?"

Nikamwambia anyamaze. Lakini lile ni neno la kweli. Mtu hawezi kuendesha mpaka Ras al Hadd amesimama.

Yule mzee akaniona nimekereka, akaingiza mkono kwenye sanduku, akatoa kitu kimefungwa kitambaa. Bastola! Ndogo, mpini wa pembe, inaingia mkobani sawasawa. Moyo wangu ukatua. Akanieleza inavyotumika. Unamimina baruti kwa mdomoni, unatia risasi ya mviringo, unatia kipande cha kitambaa, unashindilia kwa kijiti, kisha unawasha.

"Kazi yote hiyo inachukua muda gani?" nikauliza.

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Subira ya mwizi."

Wazee wote wakacheka, na mjukuu wangu akacheka, mara ya kwanza tangu Alkhamisi. Kumbe hata kile cha kufyatulia hakipo, kilianguka enzi za babu yake mzee huyo. Na juu ya yote, akanambia waziwazi, hata kigofu kile hakitoki pale bila kibali cha polisi, na bastola ya mkobani hakuna atakayempa msichana kibali chake. "Akikamatwa nayo, mama, yeye atalala kituoni kabla mwizi hajatoka kwao."

Mdogo wangu akanunua halua yake, tukarudi.

 Njiani mjukuu wangu alikuwa kakaa nyuma, ile fulana aliyopewa kazini, yenye picha ya kasa kifuani, kaiweka mapajani anaikunja, anaikunjua, anaikunja. Tulipopita Sinaw akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, Jumapili nisipokwenda wanampa mtu mwengine. Kuna wenzangu wengi wanaingoja."

Nikasema, "Wampe."

Lakini sikupata raha. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nikamwambia mdogo wangu, hebu kwanza tumuone kama anaweza hata kuitoa hiyo bastola mkobani, kisha tutajua pa kuitafuta. Nikampa mtoto kopo la poda liwe ndiyo bastola. Akalitia mkobani, akakaa ukumbini. Mdogo wangu nikamwambia, "Wewe mwizi. Toka nje, uingie umuibie." Mimi nikasimama nyuma ya pazia.

Tukangoja. Mara nasikia mlangoni, "Hodi!"

Nilikuwa nimemkataza mtoto asijibu.

"Hodi, wenyewe mpo?"

Damu ni damu. Akajibu, "Karibu, Babu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Khabari za humu ndani?"

"Njema, Babu."

"Hamna jipya?"

"Hamna ila kheri. Karibu, kaa."

Mwizi akakaa. Mjukuu wangu akauweka mkoba chini, akaleta dele la kahawa, akaleta tende, na ile halua ya Nizwa ikafunguliwa. Mwizi akanywa, akamiminiwa tena, akanywa, akakitikisa kikombe kuonesha katosheka, akamshukuru Mungu, akaaga. Kafika mlangoni ndipo alipokumbuka.

"Ah! Lete mkoba."

Akampa! Kwa mkono wa kulia, na wa kushoto kauunga chini, kwa adabu zote.

Nikatoka nyuma ya pazia nimewaka. "Umempa?"

"Kaomba vizuri, Bibi."

"Na wewe bwana! Mwizi gani anapiga hodi?"

Mdogo wangu akasimama wima. Akasema, "Dada, mimi na umri wangu huu, niingie nyumba ya watu bila hodi? Hata ningekuwa nakuja kuua, hodi ningepiga."

Nikamlazimisha. Nikamwambia ajifunge kilemba usoni na aingie kimya. Akaingia kimya. Mtoto akaanza kuchimba mkobani akitafuta poda. Akatoa tasbihi. Akatoa chaja. Akatoa udi, akatoa pakiti ya kashata niliyomtilia mwenyewe asije akashikwa na njaa, akatoa kanga. Mwizi kasimama mbele yake, mikono kaifunga kifuani. "Taratibu, mwanangu," anamwambia. "Usije ukamwaga vitu."

Nikasema khalas. Nimechoka. Mtoto hendi, na aanue nguo uani, na mimi nakwenda kusali Alasiri. Nikatandika msala.

Sasa mdogo wangu alikuwa keshatoka nje, na lile neno la khalas hakulisikia. Yeye ni mtu wa kutii. Nimemwambia aingie kama mwizi, basi safari hii alidhamiria kunifurahisha. Akavua makubadhi asisikike, akazunguka nyumba, akajifunga kilemba mpaka machoni, akaingilia mlango wa jikoni. Mjukuu wangu naye anaingia kwa ule wa uani, kabeba tenga la nguo. Mkoba hana. Poda hana.

Nilikuwa natoa salamu ya mwisho niliposikia.

"SIMAMA HAPO HAPO!"

Wallahi nilidhani ni mimi. Niliweka mkono mdomoni kuhakikisha umefunga.

"Unaingia nyumba ya watu kama paka! Huna mdomo wa kupiga hodi? Mtoto wa nani wewe? Vua hilo dude usoni nikuone! Na viatu viko wapi? Miguu imejaa mchanga nami nimeshapiga deki! Rudi! Rudi ulikotoka, kinyumenyume, usinipe mgongo!"

Kisha nikasikia masufuria yanaanguka. Nikenda mbio. Mdogo wangu alikuwa keshatoka nje kinyumenyume, jiko zima kalibomoa kwa makalio. Mlango ukafungwa. Halafu kwa nje, kwa sauti ya mtoto mdogo:

"Hodi."

"Nani?"

"Babu yako."

"Babu yangu hana tabia hizo!"

Nilifungua mimi. Kakaa kwenye kidaraja cha mlangoni, makubadhi kayakumbatia, jasho linamtiririka.

"Dada," akanambia, "sauti ile mara ya mwisho nimeisikia Unguja, siku niliyokuibia sukari. Nilikuwa sijatahiriwa bado."

Mjukuu wangu akasema, "Nisamehe, Babu, wallahi sikukujua."

"Hata mimi sikujijua," akasema.

Nikamtazama yule mtoto. Tenga la nguo bado kalishika mbele yake, hajaangusha hata leso. Mkononi hana kitu ila shuka zetu na kanzu zetu. Alikuwa kasimama katikati ya jiko, miguu kaitanua, na mimi mwenyewe, niliyemzaa mama yake, sikuthubutu kumsogelea. Nikamwambia aliweke lile tenga chini, akafungashe.

"Nifungashe nini?"

"Nguo zako. Kesho unatoka mapema."

"Na bastola?"

"Nenda, kabla sijabadilisha neno."

Hakungoja. Na mdogo wangu, angali kwenye kidaraja, akaniuliza kama halua imebaki.

Mtu asidhani kwamba mimi ni mjinga wa kuridhika na kelele tu. Asubuhi, mtoto alipokuwa anawasha gari yake, nilimtilia mchi wa kinu chini ya kiti, ule mzito, wa mti wa msaji, nikamwambia usitoke hapo mpaka siku ya haja.

Wiki ya pili akanipigia simu. Kulikuwa na mtalii, pandikizi la mtu, kamwashia kasa taa ya simu usoni, na kila akiambiwa azime hasikii. "Bibi, sijui ilikuwaje, ikanitoka. Tena kwa Kiswahili."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza ni mtoto wa nani."

"Akasemaje?"

"Kazima taa, kaomba radhi, karudi nyuma."

"Kinyumenyume?"

"Kinyumenyume, Bibi, mpaka akakaa majini."

"Na kasa?"

"Kasa kaendelea kutaga."

Nikamshukuru Mungu. Kisha nikamuuliza kama mchi bado uko chini ya kiti. Akababaika kidogo. Akasema wenzake wameupenda, wanautwangia hiliki ya kahawa.

Nikamwambia auoshe, aukaushe, na aurudishe mahali pake leo hii.