Shemegi Hataki Kutoka Uwanjani

Shemegi yangu, kaka wa mke wangu, alicheza kama kiungo wa kati katika timu yetu ya mtaa wa Mabela kwa miaka kumi na sita. Kila mpira ulipita kwake. Yeye ndiye aliyeamua twende mbio au tutulie, na wengine tukasahau kufikiri. Goti lilipomshinda, kazi ya kumtafutia mrithi ikaniangukia mimi, kwani ualimu wa timu hakuna mwengine aliyeutaka.

Nikawaambia wachezaji tutafute mtu wa kukaa miaka. Wakakubali wote, kisha kila mmoja akaleta wa kwao. Binamu wa kipa alikuwa na chenga nyingi mpaka akajichenga mwenyewe; alikuja Ijumaa mbili, ya tatu yuko Salala anatembea. Mwengine tulimwazima kutoka timu ya Ghubra kwa ajili ya kombe. Fundi kweli, wala sikatai. Tukalichukua kombe, yeye akarudi kwao, na sisi tukarudi palepale.

Na muda wote huo mtu tulikuwa naye. Mfamasia mmoja wa Ansab, beki wetu wa kushoto, mkimya, hakosi mazoezi. Kabla mpira haujamfika keshageuza shingo mara mbili kutazama nani yuko wapi. Nikamuuliza kwa nini hakuomba kucheza kati.

"Hamjaniuliza," akasema.

Nikatangaza: msimu mzima ni wake, tushinde tushindwe. Mechi ya kwanza tukafungwa manne. Kundi letu la WhatsApp likawaka moto. Watu wazima, wana wajukuu, wananirekodia sauti za dakika saba kunifundisha mpira.

Lakini aliyenichosha hasa ni shemegi. Kila Ijumaa baada ya laasiri anafika na viatu vyake vya mpira ndani ya mfuko. "Nnakuja kutazama tu." Tukifungwa moja, namuona ananyoosha misuli.

"Niingize dakika kumi, nimuoneshe."

Siku moja nikamstahi, nikamuingiza. Akainua mikono tu, wote wakamgeukia yeye, na mfamasia akabaki kasimama kama mgeni. Dakika kumi zikawa ishirini na tano. Tukafungwa vilevile.

Ijumaa iliyofuata nikamkatalia.

"Mie? Unanikataza mie?"

"Wewe hasa. Ukiwepo ndani, hakuna anayemtazama yeye. Atajifunza lini?"

Akaondoka bila ya kuniaga. Siku ya tatu mke wangu akaniwekea chakula, akaniuliza kama kombe la mtaani lina thamani kuliko kaka yake.

Mechi ya sita, gari la shemegi likaja likasimama kando ya uwanja, vioo juu, kiyoyozi kinanguruma. Hakushuka. Tulikuwa nyuma kwa bao moja, mabeki wanabutua ovyo, ndipo kwa mara ya kwanza nikamsikia mfamasia akipaza sauti: "Tulieni! Leteni kwangu!"

Wakampa. Kioo cha gari kikashuka.

"Kushoto!" shemegi akapiga ukelele. "Kushoto, we!"

Mfamasia akageuza shingo, akatazama, akaupeleka kulia. Winga wetu alikuwa peke yake. Bao.

Kioo kikapanda taratibu. Tulitoka sare, na msimu huo hatukupata kombe lolote. Lakini Ijumaa za baadaye shemegi alikuja bila ya viatu vya mpira, na mimi nikaanza kupumua.