Kiatu cha Fundi Gundi

Chumba chetu kina wazee wawili, mbishi ni mmoja, na si mimi. Ni huyu jirani yangu wa kitanda, Fundi Gundi, aliyeshona viatu miaka arobaini mpaka sukari ikamleta kwenye nyumba hii ya kutunzia wazee. Mimi kinachonisumbua ni kiuno tu. Yeye miguu inamwaka moto usiku na mchana, halafu ukimkanyaga wala hana habari. Nilishamkanyaga makusudi siku moja tukibishana. Akaendelea kuongea.

Mwaka jana alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia. Daktari akamwambia waziwazi kwamba kikitokea kidonda kingine, unaondoka mguu mzima. Ndiyo maana nesi ametoa amri viatu vyake vikaguliwe kwa mkono kila asubuhi kabla hajavivaa.

"Nikaguliwe viatu, mimi?" Fundi hufoka. "Ulipozaliwa wewe nilikuwa nimeshavisha viatu mji mzima!"

"Haya babu, lete tu," nesi humjibu, mkono ameshautumbukiza.

Jumapili iliyopita mwanawe wa kike alikuwa anakuja kumwona. Soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imeachama, basi Fundi akatoa nyundo yake kwenye kopo la biskuti, akaipigilia misumari mwenyewe, ulimi kautoa nje. Nesi alikuwa bafuni na mgonjwa aliyeanguka. Mimi niliona anavaa bila kukaguliwa, nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka na kelele zake, Mungu anisamehe.

Siku hiyo alitembea, we acha tu! Alimzungusha mwanawe ua mzima, anacheka, hata mkongojo hautaki.

"Baba, leo umepona," binti akasema, akaondoka amefurahi.

Jioni nikaona alama nyekundu sakafuni, kutoka mlangoni hadi kitandani kwake.

"We Fundi, vua kiatu."

"Acha umbea."

"Vua, nimekwambia!"

Soksi ilikuwa imelowa damu. Nikamwita nesi. Akautazama unyayo, akatoka kwenda kupiga simu hospitali. Nikaingiza mkono kiatuni, na kabla sijafika katikati nikachomwa.

"Msumari wako huu hapa, umetokeza ndani."

"Mwongo mkubwa! Mimi ncha huwa naikunja. Lete!"

Akakinyakua. Akapitisha dole gumba ndani polepole, macho kayafumba, kama alivyokuwa akifanya mbele ya wateja wake. Likaenda, likarudi, likaenda tena.

"Safi kabisa," akasema, uso umemchangamka. "Kawaambie wa hospitali wasije. Safi hiki, si unaona?"

Akanirudishia kiatu. Dole gumba lilikuwa linachuruzika damu, naye ananitazama usoni, anasubiri nimkubalie.