Hijama Baada ya Kuwekewa Kibomba

Moyoni nina kibomba cha waya, niliwekewa Dar es Salaam kuzibua mshipa. Niliporudi kijijini kwetu Baleni nikaenda kupigwa hijama kama kila mwaka, nitoe damu chafu. Vidonge vya kuzuia damu isigande nilivyopewa hospitali sikumtajia mpigaji, maana mimi si mtu wa kujieleza. Chale zikavuja tangu asubuhi hadi alasiri, kanga mbili za mke wangu zikalowa.

Kule zahanati nesi alinikemea huku akinifunga bandeji. "Shikamoo babu. Kwani hukuambiwa ukimeza vidonge hivyo usichanjwe?"

"Marahaba. Niliambiwa. Basi vidonge naviacha."

"Ukiviacha bila daktari, kibomba kitaziba tukuzike. Acha wembe!"

Hijama niliyoizoea miaka arobaini nimeiacha. Vidonge nameza kila asubuhi, mke wangu akinikagua mdomoni.