Tiki Niliyoipiga Kwenye Mpaka wa Watu

Nilirudi Tukuyu na digrii, koti la mtumba lenye viraka vya ngozi viwikoni, na chuki kubwa dhidi ya kunakili. Koti nililipata Mbeya. Chuki niliipata chuo kikuu, katika somo la mbinu za kufundishia, kwa mhadhiri ambaye nadhani hakuwa ameingia darasa la watoto tangu alipooa. Alitufundisha kwamba kazi anayopewa mwanafunzi kwenda nayo nyumbani lazima iguse maisha yake, la sivyo ni adhabu. Niliiamini sentensi hiyo kama watu wengine wanavyoamini dawa ya mizizi: bila kuuliza kipimo.

Shule niliyopangiwa ilikuwa sekondari ya kutwa waliyoijenga wazazi kwa matofali ya kuchoma wenyewe. Miaka hiyo ya ruksa, vizuizi vilipolegezwa, kila pembe ya wilaya ilitaka sekondari yake, haikusubiri tena serikali. Mvua ikipiga bati, na kwetu mvua haihitaji kualikwa, mwalimu hasikiki hata akipayuka. Basi wenzangu waliandika ubaoni namba za kurasa za kunakili nyumbani, wakaenda kunywa chai. Mimi niliwatazama kwa huruma. Mwalimu wa taaluma, aliyeanza kufundisha nikiwa bado natafuna kalamu darasa la pili, alinitazama kwa huruma vilevile.

"Kijana," aliniambia, "kazi ya kunakili haina maana, kweli. Lakini haijawahi kumgombanisha mtu na jirani yake."

Nilidhani anafanya utani. Nilifundisha jiografia kidato cha pili, na Ijumaa moja nikatoa kazi yenye maana. Kila mwanafunzi apime shamba la kwao, achore ramani yake kwa skeli, aonyeshe mipaka, majirani, njia, mito na mimea, na chini aweke ufunguo wa alama zote. Niliwafundisha kusuka kamba ya mgomba na kufunga fundo kila baada ya mita moja. Tulifanya majaribio uwanjani, mimi mbele nikiwa nimekunja suruali, na nilijiona kama mtu anayeleta moto kwa wanadamu.

Ningekuwa mgeni, ningesamehewa. Lakini mimi ni mzaliwa wa huku huku, bonde la pili kutoka shuleni. Mama yangu alikuwa akilima ndizi na vishamba viwili vya chai upande wa Masukulu, na nilikua nikijua kwamba kwetu hakuna mtu anayepita na kamba kwenye shamba la mwenzake akasalimiwa vizuri. Ardhi ni ndogo, watu ni wengi, na mpaka ni mtaro wa kina cha kiganja pamoja na kumbukumbu za vikongwe. Haya yote niliyajua. Nadhani niliyaacha bwenini chuoni, chini ya kitanda.

Tena nilichagua wakati mzuri. Mashamba makubwa ya chai yalikuwa yanauzwa, na wiki chache kabla walikuwa wamepita watu wenye chombo cha miguu mitatu wakichungulia milima kwa jicho moja. Kila kijiji kilikuwa kinasema mwekezaji anakuja na hatujui ataishia wapi. Katikati ya mazungumzo hayo, Jumamosi asubuhi, watoto zaidi ya arobaini wakatokea kwenye migomba ya Rungwe wakiwa na kamba zenye mafundo.

Jumatatu nilisimuliwa. Babu mmoja aliikalia kamba na kukataa kuinuka mpaka alipoletewa mwenyekiti wa kijiji. Mama mmoja wa Kiwira alimwambia mwanawe aandike shamba dogo, maana kodi inakuja. Jirani yake akamwambia wake aandike kubwa, maana fidia inakuja. Nilipoweka ramani za majirani bega kwa bega mezani, kijiji kimoja kilikuwa na shimo katikati na kingine kilikuwa kimepandana kama vigae. Mtu mwenye akili angeziona zile karatasi na kukunja kamba yake. Mimi nilichukua kalamu nyekundu.

Katika darasa hilo walikuwamo binamu wawili, msichana na mvulana, watoto wa ndugu wawili waliogawana shamba la baba yao. Baba wa msichana, aliyekuwa mkubwa, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mjane wake alikuwa anaendelea kulima. Ramani zao zote mbili zilionyesha kipande kilekile cha migomba kati ya nyumba hizo mbili. Kila mmoja alikichora kwao.

Ramani ya mvulana ilikuwa nzuri kupindukia. Mistari imenyooka kama imekatwa kwa kisu, pembe zote ni pembe. Ya msichana ilikuwa na mpaka unaojipinda kama mtu anayetafuta kitu gizani, na karibu na nyumba mstari ulitoka nje ghafla, ukazunguka kitu, ukarudi. Ndani ya kona hiyo aliweka msalaba mdogo ambao haukuwamo kwenye ufunguo.

Nikampigia mvulana tiki kubwa, nikaandika "Safi sana", nikagonga na muhuri wa shule, kwa sababu mkuu wa shule alipenda kazi zote zigongwe muhuri, wazazi waone tunafanya kazi. Kwa msichana niliandika kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia na ya kujidai: mipaka haipindi hivi, alama hii haimo kwenye ufunguo, rudia.

Jumatatu iliyofuata msichana alikuja ofisini kwa walimu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umerudia?"

"Sijarudia. Naomba uifute ile tiki ya kaka."

Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi kwa nafasi kama hiyo. Nilimpa hotuba kuhusu wivu, kuhusu kushindana kwa haki, kuhusu uaminifu wa msomi. Alinisikiliza yote, mikono nyuma, kisha akasema, "Baba mdogo ameipeleka kwa mwenyekiti wa baraza la ardhi. Anasema shule imepima, mwalimu wa chuo kikuu amesahihisha, na muhuri upo. Alhamisi wanakaa. Kile kipande anakichukua."

Nilicheka. Naomba msomaji anihesabie hilo pia. Nilicheka, nikasema hakuna baraza duniani linaloamua kwa daftari la mtoto.

"Sawa, mwalimu," alisema, akaondoka.

Kesho yake alikuja mama yake. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na viatu alivyovivua mlangoni, ingawa sakafu yetu ilikuwa na tope kuliko viatu vyake. Alikataa kiti mara mbili, akakaa mara ya tatu.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Mtoto anakataa kunisomea. Nisomee wewe ulichoandika humu."

Akanipa daftari. Ilinibidi nitafsiri maneno yangu mwenyewe kwa Kiswahili, mbele ya mwenzangu wa hesabu aliyekuwa anajifanya anatafuta chaki. Kwa Kiingereza yalikuwa yanasikika kama elimu. Kwa Kiswahili yalikuwa utovu wa adabu.

"Mpaka haupindi," alirudia taratibu. "Haya. Na hiyo nyingine?"

"Nimesema hii alama hapa, huu msalaba, hauko kwenye ufunguo. Yaani hajaeleza ni nini."

"Ni baba yake," alisema.

Mwenzangu wa hesabu akaipata chaki, akatoka.

Mama yule hakulia wala hakupandisha sauti. Alinieleza kama anavyoelezwa mtu aliyepotea njia. Mume wake alizikwa pembeni ya nyumba, kwenye migomba, na siku ile ndugu wote walikubaliana mtaro uzunguke kaburi, ubaki upande wa mke na watoto. Shemeji yake alikuwepo, alishika jembe yeye mwenyewe. Sasa mstari wangu ulionyooka umempa shemeji migomba ishirini pamoja na kaburi. Migomba hiyo ndiyo chakula chao. "Tukikosa hapo," alisema, "nitamtoa mtoto shule aje tulime vibarua wote wawili. Ndiyo hivyo. Ndaga, mwalimu."

Alinishukuru. Mpaka leo sijui kwa lipi.

Mkuu wa shule nilimkuta akihesabu madawati. Alinisikiliza akakunja uso. "Usiende huko barazani. Mwite yule baba, zungumza naye pembeni, yaishe."

"Baraza ni Alhamisi, mkuu."

"Sasa utasimama mbele ya wazazi useme nini? Mwalimu pekee mwenye digrii, hajui alichosahihisha? Kesho wote wataleta madaftari yakaguliwe upya!"

Alikuwa na hoja, na nakiri kwamba usiku na mchana wa Jumatano niliitafakari hoja yake kwa mapenzi makubwa. Nilitunga hata sentensi za kujinasua: kwamba tiki ilihusu mbinu wala si matokeo, kwamba ramani ni kielelezo. Nilikuwa nazisema kwa sauti chumbani kwangu, mtaa wa Msasani wa hapo Tukuyu, na zilikuwa nzuri sana, mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta kuuliza kama nina mgeni.

Alhamisi nilipanda lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu, nikateremka na kumalizia kwa miguu. Baraza lilikaa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa kiwanda cha chai, aliyezoea kupaza sauti juu ya mashine na hakuona sababu ya kuacha. Mbele yake ilikuwa ile ramani. Tiki yangu ilionekana tangu mlangoni.

"Mwalimu! Afadhali umekuja. Hii kalamu ni yako?"

"Ni yangu, mwenyekiti."

"Na muhuri?"

"Wa shule."

Baba mdogo, aliyekuwa amekaa dawati la mbele na kofia mapajani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayesikia shahidi wake akianza vizuri.

"Shambani ulifika lini?"

"Sikufika."

"Ulimtuma nani?"

"Nilimtuma mtoto mwenyewe."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Sasa ulijuaje kwamba hii ni sahihi na ile ya binti ni kosa?"

Sentensi zangu zote za Msasani zilikuwepo, zimejipanga kooni. Nikamtazama yule mjane. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anaitazama karatasi.

"Kwa sababu mistari yake ilikuwa imenyooka," nilisema.

Kisha bibi mmoja nyuma, sauti nyembamba ya Kinyakyusa ndani ya Kiswahili, akasema, "Mwe bandu, enyi watu! Imenyooka wapi, Rungwe hii?"

Sijawahi kuchekwa hivyo. Wanaume walipiga madawati. Mtu mmoja alisema, "Huyu ndiye digrii!" na mwingine akajibu, "Muacheni, angalau amesema!" Mimi nilisimama nikasubiri, kwa sababu nilikuwa sijamaliza. Waliponyamaza nilisema kwamba tiki ile haijui lolote kuhusu shamba la mtu yeyote, kwamba msichana alichora mpaka alivyouona kwa macho na miguu yake, na mimi nikamwambia amekosea bila kumuuliza.

"Basi twende tukaone," mwenyekiti alisema.

Tulikwenda wote, mvua ikinyunya. Kamba waliyotumia ilikuwa ya msichana, aliyefuatana na mama yake, na mimi nilipewa kushika ncha moja, kazi niliyoifanya vizuri isipokuwa nilipoteleza mara mbili. Yule bibi, jirani yao mkongwe aliyesaidia kuchimba mtaro huo ndugu walipogawana, kabla mimi sijazaliwa, alitembea mbele akigonga ardhi kwa fimbo: hapa, hapa, hapa. Mtaro ulijipinda kila mahali msichana alipoupinda. Ulipofika karibu na nyumba ukatoka nje, ukazunguka kaburi, ukarudi.

"Nani alichimba kona hii?" mwenyekiti aliuliza.

Baba mdogo alikuwa akiigeuzageuza kofia. "Ni mimi," alisema hatimaye. "Tulichimba siku ya maziko."

"Sasa mtoto wako aliionaje imenyooka?"

Mvulana akamtazama baba yake, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu, yangu mimi niliikosea. Hii aliichora baba. Kwa rula."

Kwa hiyo tiki nilikuwa nimempigia mzee wa miaka hamsini. Mwenyekiti alisema kipande kinabaki kwa mjane, kaburi na migomba, na karatasi ya shule haina kazi barazani. Akanipa ile ramani. "Futa."

Nilichomoa kalamu. Baba mdogo alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, "Mwalimu, shamba nimeacha. Lakini ile tiki, si ungeiacha tu? Mimi niliishia darasa la nne. Sikuwahi kupata hata moja."

Nilisimama na kalamu hewani. Mjane alikuwa amekaribia, amefumbata mikono, anasubiri. Nikaifuta, mstari juu ya mstari, mpaka ikawa doa. Baba mdogo alinitazama kama nimemwibia, na nadhani nilikuwa nimemwibia kweli, ila sijui kama ni nilipoipiga au nilipoifuta.

Kisha nikaomba daftari la msichana, nikalifungua ili niandike kwenye ufunguo maana ya ule msalaba. Msichana akalivuta taratibu mikononi mwangu.

"Usiandike, mwalimu. Nitaandika mwenyewe."

Alichuchumaa pembeni ya kaburi, daftari gotini, akaandika neno moja kwa mwandiko wa polepole. Mvua ilikuwa imezidi. Nikakata jani la mgomba, nikalishika juu ya daftari lake mpaka alipomaliza, kazi ambayo haikuhitaji digrii.