Fungu Langu la Wali wa Chimala

Nicheke ukitaka. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, tena mchana kweupe, saa saba, jua liko utosini, na basi zima la abiria lilikuwepo. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Watu husema wafu hutembea usiku. Anayesema hivyo hajashuka Chimala kununua chakula.

Na nikuambie mapema, usije ukamlaumu asiyehusika. Katika habari hii, mbaya si marehemu. Mbaya ni mimi, na kama nimechelewa kuisimulia, ni kwa aibu, si kwa woga.

Miaka ya sabini nilikuwa karani Iringa. Ungeniona! Suruali ya bugaluu inafagia barabara, viatu vya raizoni miguuni, nywele nimezichana juu mpaka kofia haikai. Ofisini nilikuwa na mwenzangu, Gilbert, mtu wa Muheza kule Tanga, mpenda kula kupita kiasi. Alitembea na daftari dogo, anaandika kila chakula alichokula na mahali alipokila, utadhani ataulizwa siku ya kiyama. Huyo Gilbert alikuwa na dada yake, Rehema, mwalimu wa shule ya msingi pale pale mjini. Nilimpenda Rehema. Nilitaka kumwoa, naye alikuwa hajasema ndiyo wala hapana.

Sasa sikia uongo wangu. Siku moja Rehema aliniuliza nani alinilea. Ukweli ni kwamba nililelewa na shangazi yangu Tumpale, dada wa baba, Mnyakyusa aliyeolewa Chimala. Alifiwa na mume mapema, akawa anauza wali pale mabasi yanaposimama. Aliufunga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, akalikaza kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili. Kwa wali huo nilivaa, nikasoma, nikawa karani. Lakini nilimtazama Rehema, na viatu vyake vyeupe, na Kiswahili chake cha Tanga kinachoteleza, nikamfikiria shangazi amechuchumaa na masizi usoni. Nikasema, "Nililelewa na shangazi. Alishafariki zamani."

Mungu anisamehe. Nilimzika kwa mdomo, na yeye yuko Chimala mzima, anapepeta mchele! Rehema akanishika mkono, akasema, "Pole sana." Na mimi nikaipokea ile pole. Nikainamisha kichwa kabisa, kama mfiwa.

Barua za shangazi zilikuwa zinakuja ofisini, anaandikiwa na wanafunzi wa kijijini. Zote zilisema neno moja: njoo. Mwishowe nikaacha kuzifungua. Ya mwisho niliitupa kwenye droo, nikaweka mafaili juu yake.

Ikafika Pasaka. Gilbert akasema, "Jamani, tutakaa huku nyanda za juu mpaka tuzeeke bila kuziona? Twende tukale, tuone." Tukapanga siku nne, sisi watatu. Siku ya kwanza tulizunguka Iringa. Tulikwenda Isimila kuona zile nguzo za mawe, jioni tukapanda jiwe la Gangilonga, tukashuka kula sambusa kwa Muhindi mmoja karibu na soko. Gilbert akaandika: sambusa, nzuri, pilipili imezidi. Tulicheka sana. Rehema alicheka mpaka akaniegemea bega, nikajua ndiyo yangu iko njiani.

Siku ya pili tukapanda basi la Mbeya. Nilijua litasimama Chimala. Nilikuwa nimepanga nijifanye nimelala. Basi liliposimama, nikafunika uso kwa gazeti. Gilbert akanivuta. "Wee, amka! Watu wote wanashuka kula, wewe unalala?" Ningesema nini? Nikashuka.

Akina mama walikuwa wamekaa mstari mmoja kando ya barabara, kila mmoja na sufuria yake. Na mwisho wa mstari, kwenye mafiga yale yale ninayoyajua, alikuwa amekaa shangazi Tumpale.

Aliniona kabla sijageuka. Akainuka. Nilibeba jina la baba yake, kwa hiyo tangu utoto hakuniita mtoto hata siku moja, aliniita tata, maana yake baba, na alinisalimia kwa heshima ya baba. Akaja, mikono ameikunjua, akanisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, tata! Ugonile!"

Niamini, nilikuwa na nafasi. Ilikuwa neno moja tu. Rehema alikuwa nyuma yangu, Gilbert upande huu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mama, umenifananisha."

Akasimama. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alinitazama kuanzia nywele mpaka raizoni, taratibu, kisha akarudi nyuma hatua moja na kuacha Kinyakyusa. "Samahani, bwana. Macho yangu yamezeeka."

Bwana! Mtu aliyenifuta kamasi, ananiita bwana.

Rehema, kwa adabu zake, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama." Shangazi akaitikia, akachukua pembeni ya mafiga furushi moja la jani, mafundo mawili, akanyoosha mkono kwangu. Ule mkono wa kushoto ulikuwa na kovu, alijichoma kwa uji wangu nilipokuwa mdogo. "Chukua hata hivyo. Safari ni safari."

"Sili chakula cha njiani," nikasema.

Rehema akaona haya kwa niaba yangu, akalipokea yeye kwa mikono miwili. Akataka kulipa, shangazi akakataa kwa kutikisa kichwa. Honi ikalia, tukapanda. Ndani ya basi Rehema akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulikuwa mkali mno. Na mikono yake ilikuwa ya baridi, maskini, na jua lote hili." Gilbert alikuwa anaandika: Chimala, wali wa jani, mama mwenye kovu.

Mbeya tulifika jioni. Tukapata chumba cha wanaume na cha Rehema katika nyumba ya wageni huko Mwanjelwa. Rehema akafungua lile furushi mezani, na wali ulikuwa unatoa mvuke. Kutoka Chimala! Gilbert akasema jani la mgomba linatunza joto. Jani gani linatunza joto saa zote zile? Lakini wakati ule tulikubali. Wakala wao wawili. Gilbert akafumba macho, akasema hajawahi. Rehema akanisogezea tonge. "Onja basi, usiwe na kiburi." Nikageuza uso.

Kesho yake tulikwenda Tukuyu, tukala ndizi za nyama, tukateremka hadi Kiwira kuona Daraja la Mungu, mwamba uliovuka mto bila fundi. Wenzangu walishangaa, mimi nilikuwa natazama maji tu. Nilikuwa natafuna ndizi na hazina ladha, kama natafuna karatasi. Usiku Mwanjelwa tuliletewa wali wa Kyela na samaki, Gilbert akausifu mpaka mpishi akaja kusalimia. Kinywani mwangu ulikuwa mchanga. Nilisema nina mafua.

Siku ya kurudi, Gilbert hakutaka mjadala. "Chimala tunashuka. Mimi ule wali siuachi hivi hivi. Tutapanda basi la mchana." Nikasema nina kazi, nikasema naumwa. Wapi! Gilbert kwa chakula ni kiziwi. Ndani ya basi niliomba Mungu shangazi asiwepo.

Na kweli hakuwepo. Akina mama walikuwa mstari ule ule, ila mwisho wa mstari palikuwa patupu. Mafiga yalikuwepo, matatu, na katikati yake majani yalikuwa yameota. Si majani ya siku mbili, yalifika kwenye kifundo cha mguu. 

Gilbert akamuuliza mama wa jirani, muuza chai, "Yule mama wa wali wa jani yuko wapi leo?"

Yule mama alikuwa ameacha kumimina chai. Alikuwa ananitazama mimi. Akaweka birika chini. "Wewe si mtoto wa kaka yake Tumpale? Ndiye wewe. Pole, mwanangu. Lakini mbona hukuja msibani? Barua uliandikiwa tangu anaugua."

Rehema akanigeukia. Nikasema, "Msiba upi?"

"Upi tena? Wa shangazi yako. Huu ni mwezi wa pili tangu tumzike."

Gilbert akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepotea njia. "Mama, sisi tumempita juzi. Amekaa hapa. Ana kovu mkono wa kushoto. Dada yangu kapokea wali wake." Akafungua daftari amwonyeshe. Yule mama hajui kusoma, lakini aliposikia kovu alishika kifua, akawaita wenzake. Walikusanyika, wakaapa kwamba pale mwisho hapajakaa mtu tangu Tumpale afe. Juzi walituona kweli, migongo yetu tu, tumesimama pale watatu, tunaongea na mafiga. Walidhani tunatafuta choo.

Mtoto wa shangazi, Subilaga, dada yangu, alikuja mbio kutoka nyumbani. Hakunigombeza. Alituongoza mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi, udongo wake umeshatulia kwa mvua. Akasema, "Aliugua wiki tatu. Alikuwa hawezi kupika, lakini kila tulipopakua alisema, mfungieni tata fungu lake. Tukikataa, hataki kula. Hata siku ya mwisho, sikio ameliweka barabarani, anasikiliza mabasi."

Unajua methali, asiyekuwepo na lake halipo. Kwa shangazi ilikuwa kinyume. Nyumba ile, hata chakula kiwe kiduchu, aliyekuwa mbali aliwekewa fungu lake kwenye jani, mafundo mawili, mpaka arudi. Nilikuwa nikitoka kuchunga, nalikuta pembeni ya mafiga. Sasa nikaelewa lile furushi lilikuwa nini. Halikuwa la kuuzwa.

Rehema alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi. Aliniuliza taratibu, kama anamuuliza mwanafunzi.

"Uliponiambia shangazi yako kafariki, mvua zilikuwa hazijaanza. Ulikuwa umeambiwa na nani?"

"Sikuambiwa."

"Kwa hiyo ulijua yu hai."

Nikautazama udongo wa kaburi.

"Na juzi, alipokuja mikono ameikunjua, ulimtambua?"

"Nilimtambua."

Akatikisa kichwa. Hakulia wala hakupaza sauti. "Mtu anayemzika aliyemlea akiwa hai, mimi atanizika lini?" Akaenda kumshika Subilaga mkono, akampa pole, akakaa naye mpaka basi likaja. Mimi hakunipa pole tena. Nilikuwa nimeshaitumia mapema.

Iringa nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikatoa mafaili, nikaifungua ile barua. Mwandiko wa mtoto wa shule, mistari minne. Shangazi anaumwa. Anasema njoo ule. Anasema usiogope, hatakwambia kitu. Njoo ule tu.

Mpaka leo nauliza, na hakuna wa kunijibu: ulimi wangu ndio uliomwitia kifo? Mchungaji alisema hapana. Mzee mmoja wa Chimala alisema, "Hiyo unajua mwenyewe." Hakunisaidia.

Gilbert tulibaki tunasalimiana, basi. Rehema aliolewa Dodoma. Mimi nilioa baadaye, mke mwema, anapika vizuri, wote wanasema. Mimi sijui. Tangu siku ile wali kinywani mwangu hauna ladha, wa Kyela, wa Usangu, wowote. Nimekwenda hospitali, wameniangalia ulimi, wamesema mzima. Na nyumbani kwangu tunafunga fungu la asiyekuwepo. Watoto wangu wanadhani ni mila. Sijawaambia ni adhabu.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Rehema sokoni Iringa, mtu mzima, kilemba kichwani, amekuja kumwona kaka yake. Tukasalimiana vizuri. Nilikuwa na swali moja tu, limenikaa kooni muda wote. Nikamwambia, "Mwalimu, nisamehe. Ule wali ulikuwa na ladha gani?"

Alinitazama kwa huruma, niamini, huruma kweli. Akasema, "Ulikuwa umefungiwa wewe. Ungeupokea ungejua."

Basi, wewe unayenisikiliza na kutabasamu, una mtu kijijini anakuita, na unaonea haya viatu vyake. Usiseme amekufa, hata kwa utani. Barua yake ifungue. Na siku ukiitwa kando ya barabara, mbele ya watu wowote wale, itika. Mimi kila basi likisimama Chimala nashuka, nakwenda mpaka mwisho wa mstari, nayasalimia yale mafiga kwa Kinyakyusa. Akina mama wananicheka. Nasimama pale mpaka honi ilie, na hakuna anayenijibu.