Barakoa ya Sufi

Mtaani kwetu hakuna aliyehitaji kalenda, maana tulikuwa na pua ya Fundi Sufi. Akianza kupiga chafya mfululizo asubuhi, ujue nyasi za kando ya reli zimetoa maua. Akiamka sauti imemkauka, kipupwe kimeingia. Na macho yakimvimba mpaka anatazama watu kwa kijiufa, basi kiangazi kimefika na upepo umeanza kubeba vumbi la barabara. Daktari alisema ni mzio. Sisi tulisema ni pua ya umbea, kwa kuwa hakuna kitu kilichopita hewani isichotaka kukijua. Tulimcheka, naye alicheka nasi mpaka kikohozi kikamkatiza.

Alikuwa fundi wa magodoro na mito, kazi ambayo yeye na dada yake mkubwa waliirithi kwa marehemu baba yao. Yeye alijaza, dada alishona. Jina la Sufi lilimganda tangu enzi hizo, ingawa sufi yenyewe, ile ya mti wa msufi, alikwisha kuiacha kwa sababu ya kifua, akahamia sponji. Mimi naishi nao ukuta kwa ukuta, na chafya zake nimezisikia kuliko redio yangu.

Mambo yaligeuka dada alipopata kiharusi. Mkono wa kulia ulirudi kidogo kidogo, lakini mguu ukabaki wa kuburuta. Daktari wa zahanati hakumficha kitu: atembee kila siku, mvua inyeshe jua liwake, la sivyo mguu utakakamaa na hatatembea tena. Dada mtu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupangiwa jambo na yeyote, akasema hatatoka kwenda kujikokota peke yake mbele za watu. Wakienda, wataenda wote wawili. Mdogo wake akibaki, naye anabaki. Kwa hiyo mguu wa mmoja ukawa unategemea kifua cha mwingine, na kifua chenyewe ndicho kile. Nani amewahi kusikia makubaliano ya ovyo kama hayo?

Basi wakawa wanatembea kila asubuhi, kutoka mlangoni mpaka relini na kurudi. Fundi alitangulia nusu hatua, mkono ameurudisha nyuma ili dada aushike. Msimu ukimzibia njia huku, alitafuta njia kule. Nyasi zilipotoa maua walizunguka nyuma ya maghala, kwenye saruji tupu. Wakati wa baridi alijifunga shali mpaka masikioni, dada akamwambia amekuwa mwari. Siku moja fundi alirudi akachuchumaa kizingitini akitafuta pumzi, nami nikamsihi apumzike walau siku chache. Akanijibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikasirika kweli. Koleo halikohoi.

Lakini mguu ulianza kuitika. Dada aliacha kushika fremu ya mlango anapotoka, akaanza hata kumkaripia mdogo wake kwamba anamchelewesha.

Kisha kikaja kiangazi kibaya. Vumbi liliingia mpaka ndani ya makabati yaliyofungwa. Fundi akalala asubuhi moja, akalala na ya pili, na dada akaona wazi kwamba safari hii mdogo wake anakata tamaa. Hakumlaumu. Aliomba sindano na kipande cha kitambaa, akakaa dirishani kutwa nzima, akamshonea barakoa. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mkono ule tangu kiharusi. Ndani yake aliweka tabaka jembamba la sufi, kutoka kwenye gunia kuukuu lililosahauliwa uvunguni mwa kitanda chake. Katika nyumba ile kitu kisichojazwa hakijakamilika. Tena alikuwa na hoja yake: sufi inadhuru ikichambuliwa na kurushwa hewani, lakini ikishashonewa ndani imefungwa. Mbona watu wanailalia usiku kucha na hawafi?

Fundi aliitambua kwa kuishika tu. Vidole vilivyojaza sufi tangu ujana havidanganyiki. Akaitazama ile mishono iliyopinda, akamtazama dada yake aliyekuwa anasubiri kama mtoto aliyeleta maji bila kuyamwaga, akaivaa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu bwana alikivaa usoni kwa hiari yake. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuifumua kimyakimya akaweka pamba. Alisema mishono yake yeye imenyooka, na dada angeijua kwa mbali.

Wakarudi njiani. Dada alitembea kwa fahari, na fundi alitembea akifa polepole. Kikohozi kikashuka kifuani, kikaanza kupiga filimbi. Mwishowe alibebwa zahanati, midomo imebadilika rangi, na daktari akaichana ile barakoa kwa mkasi, akaikuta sufi. Fundi alimwomba aifiche siri hiyo, dada asijue. Daktari hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wagonjwa wengi na kichwa kimoja. Alipokuja kuukagua mguu, akamuuliza dada kama wameshalitupa lile gunia la sufi lililotaka kumuua mdogo wake.

Jioni hiyo niliwasikia kupitia ukutani.

"Ulijua?" dada aliuliza.

"Nilijua."

"Mimi na mguu mmoja nitaishi. Wewe na nusu kifua utaishije?"

"Dada, tulikubaliana twende wote."

"Nimeyavunja makubaliano. Daktari amesema hata kifua kinataka kutembezwa taratibu. Utakwenda peke yako, hewa ikiwa safi. Mimi nitaunyanyua mguu hapahapa kitandani. Ukirudi utanisimulia njia."

Nilimsikia fundi akilia, na mtu mzima akilia kwa kifua kibovu ni jambo ambalo sitaki kulisikia tena.

Masika yalipoingia nilikwenda kuchukua mto wangu niliompa autengeneze. Dada alikuwa amelala, blanketi limechomekwa chini ya godoro pembe zote nne, limekazwa namna ambayo fundi wa magodoro pekee huweza kulikaza. Fundi akaingia kutoka upande wa karakana, akiwa na shali na viatu vya kutembelea, na chembe za sponji zimemganda matakoni mwa suruali. Akavuta kigoda, akaanza kusimulia. Siku hizi anavuka reli, alisema, anakwenda mpaka darajani. Leo daraja lilikuwa na utelezi, akalishika kingo akavuka hivyohivyo, na ng'ambo ya pili hewa ni safi ajabu, kifua kimefunguka.

Daraja lile lilisombwa na maji tangu juzi. Mtaa mzima ulikwenda kulitazama.

Nilifungua mdomo. Dada akaniwahi.

"Unaona anavyojitahidi?" aliniambia. "Na mimi sikukaa bure. Tangu alipotoka nimeunyanyua huu mguu mpaka nimetokwa na jasho."

Blanketi halikuwa na hata mkunjo mmoja. Fundi alilitazama, akatazama pale mguu ulipolala chini yake, mwembamba kuliko mwenzake. Kisha akasema vizuri sana, Dada, usiache. Nami nikafunga mdomo wangu, kwa sababu sikujua ni nani kati yao ningeanza kumvunja moyo.

"Kesho utakwenda tena mpaka darajani?" dada akauliza.

"Nitakwenda, Dada. Nawe uunyanyue."

"Nitaunyanyua."

Nikachukua mto wangu nikatoka. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha.