Diski Niliyokataa Kuigawa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanaoniletea kompyuta zao hapa Tabora wananijua: ukinieleza tatizo kwa kuzunguka, nakukatisha. Leo najikatisha mwenyewe, maana jambo hili nimelizunguka muda mrefu mno. Nilimwacha mama mtu mzima aamini kwamba akili inamtoka, na kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nalijua.

Wakati huo nilikuwa fundi mitambo wa redio ndogo ya hapa mjini. Mama huyo, mkazi wa Isevya hapa hapa mjini, ndiye aliyesoma matangazo ya vifo, na sauti yake ilijulikana kila kona. Kwetu huku tangazo la kifo bado ni kazi ya redio. Simu zipo, sawa, lakini mtu akiwa shambani Igalula au porini kwenye mizinga yake ya nyuki, mtandao haumpati, redio ya betri inampata. Saa kumi na moja jioni watu wananyamaza wasikie nani amefariki na anazikwa saa ngapi. Mama alikuwa akirekodi saa nane mchana, anarudi kwake, na jioni seva, ile kompyuta ya kurushia vipindi, inayarusha matangazo yenyewe.

Seva hiyo niliifunga mimi. Kabla ya kuweka Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta, fundi anaamua diski ataigawaje. Unaweza kuikata vipande, mafundi tunaviita patisheni, kila kimoja na ukubwa wake: huku mfumo, huku kumbukumbu ambazo mtambo unajiandikia kila dakika, huku rekodi za vipindi. Kipande kimoja kikijaa, kinajaa peke yake. Au unaiacha diski nzima iwe moja, kila kitu kinakaa pamoja, na kimoja kikivimba vingine vinakosa nafasi.

Nilichora mpango wangu kwenye karatasi, kwa rula, masanduku manne. Mama akaja na kikombe chake cha chai, akachungulia begani kwangu.

"Fundi, unajenga?"

"Najenga nyumba ya seva, mama."

"Haya. Na misiba yangu inalala wapi?"

Nikacheka, nikaongeza kisanduku cha tano pembeni. "Hapa. Hata redio yote ijae muziki, matangazo yako hayatakosa nafasi."

"Mungu akuzidishie, mwanangu," akasema, na ninajua alimaanisha.

Siku ya kuweka mfumo, mtambo ukaniuliza ukubwa wa kila kipande. Sikujua. Ukikosea ukubwa, kurekebisha baadaye ni kazi ya siku nzima. Kulikuwa na fundi mwenzangu kule Igunga ambaye angenielekeza kwa simu dakika kumi tu. Lakini huyo nilishamwita fundi wa kuchaji simu mbele za watu, halafu leo nimpigie kumwuliza? Aka! Nikachagua lile chaguo rahisi la kwanza kabisa, kila kitu pamoja. Karatasi ya masanduku nikaibandika ukutani, na wageni wakija nawaonyesha. Hakuna aliyejua kwamba ukutani kuna nyumba ya vyumba vitano na kwenye diski kuna banda moja.

Ingekuwa ni hilo tu, ningejitetea. Lakini nilikuwa napenda tamthilia, zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na diski ya seva ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kushika. Nikaanza kuhifadhi humo msimu mmoja, ukafuata wa pili, nikaja kusahau hata idadi. Mama alikuwa na tabia ya kusikiliza upya kila alichorekodi. Nilimwambia aache, anachelewesha studio. "Mama, hii siyo ile mikanda yenu ya zamani. Ukibonyeza hifadhi, imekwenda." Akaacha.

Ijumaa moja asubuhi alikuja mwanaume mmoja kutoka Igalula, mkulima, vumbi hadi kwenye nyusi. Mama yake mzazi alikuwa amefariki hapa mjini siku ya Jumanne na kuzikwa Jumatano saa nne. Ndugu zake walileta tangazo Jumanne mchana, yeye akiwa shambani hapatikani kwa simu.

"Nilikaa na redio jioni ile," alisema. Hakupiga kelele, na nilitamani angepiga. "Nilisikiliza matangazo yote mpaka mwisho. Mama yangu hamkumtaja. Nimefika mjini kuonyeshwa kaburi."

Meneja akamtuma mtu amwite mama kutoka Isevya. Mimi nikasema naenda kuangalia mtambo. Nikaangalia: diski imejaa asilimia mia, hakuna hata chembe ya nafasi. Tangu Jumanne hapakuwa na msiba mwingine. Na katika orodha ya matangazo ya siku hiyo, faili la mwisho lilikuwepo, lina jina la marehemu, saa nane na robo, ukubwa wake sifuri. Mama alirekodi. Programu ikaandika jina, ikakosa pa kuiweka sauti, wala haikulalamika. Jioni seva ikakuta faili tupu, ikaliruka.

Nikafuta tamthilia. Msimu kwa msimu, nafuta, nasikiliza hatua ukumbini. Diski ikapata nafasi. Halafu, jamani, nikalifuta na lile faili tupu. Ndilo lililokuwa shahidi pekee kwamba mama wa matangazo alirekodi, na nililifuta kwa kidole changu mwenyewe.

Mama alipofika kutoka Isevya alisema bila wasiwasi, "Nilirekodi. Fundi, waonyeshe."

Nikafungua orodha mbele yao. Hakuna kitu. Akainama karibu na kioo, akasoma majina kwa kidole, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa lawama. Alikuwa anaomba msaada tu.

Nikasema, "Mtambo haukosei, mama. Labda ulisahau kubonyeza."

Nimesema maneno mengi mabaya maishani, mengi kwa hasira. Hayo niliyasema kwa upole kabisa.

Akakaa kwenye kiti. "Labda," akasema. "Labda nilisahau." Akamgeukia yule mwanaume, akamwomba radhi, akilia. Wiki iliyofuata alipanda treni hadi Igalula kumwomba radhi tena mbele ya wazee wake. Mimi nikauchuna. Jumapili baada ya Ijumaa ile, redio ikiwa na vipindi vya kuunganishwa tu kutoka redio nyingine, niliizima seva, nikampigia yule wa Igunga, nikaigawa diski vipande vitano kama ilivyotakiwa. Jumatatu meneja akanisifu mbele ya wote kwa kujituma. Nikasema asante.

Haikupita miezi miwili mama akaacha kazi, kwa hiari yake. Alisema bora apumzike kabla hajamkosesha mtu mwingine mazishi ya mzazi wake. Tukamuaga kwa soda na kanga doti mbili. Nilifunga spika mimi, nikamshikia maikrofoni, nikapiga makofi.

Mwaka ulipita. Nilipita Isevya asubuhi moja kupeleka kompyuta ya mtu, nikamwona anatoka kwake. Alifunga kufuli, akatembea hadi kwenye kona, akarudi kulitikisa. Akaondoka, akarudi tena. Mara ya tatu alisimama katikati ya njia, kashika kikapu, hajui aende au arudi. Mwanamke aliyekuwa na sauti isiyotetereka mji mzima! Nilijiona mchafu. Nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Karibu." Akafungua, akanikalisha barazani. Nikamwambia yote hapo hapo, kabla ujuaji wangu haujapata pa kujificha: diski, tamthilia, faili, kufuta. Alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Kwa hiyo nilirekodi."

"Ulirekodi, mama. Saa nane na robo."

"Sikusahau."

"Hukusahau chochote."

"Na siku ile, unaniambia labda nilisahau, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nalitaka tusi. Yeye akaingia ndani, akatoka na daftari la shule na kalamu. Alilifungua mapajani, nikaona mistari imejaa kwa mwandiko wake mzuri: dawa ya asubuhi nimekunywa, jiko nimezima, adhuhuri nimeswali, mlango wa nyuma nimefunga. Kurasa na kurasa. Akatafuta nafasi tupu, akaanza kuandika taratibu huku akitamka kwa ile sauti ya saa kumi na moja, kwamba fundi amekuja leo, amesema nilirekodi.

"Naandika," alisema, "nisije nikaamka kesho nikadhani nimeota."

Kisha akanisogezea daftari niweke sahihi chini yake, kwa sababu siku hizi yeye mwenyewe hauamini mwandiko wake peke yake.